Mzazi kaja kumchukua mtoto akiwa amelewa: mwenye kituo unafanyaje?

Mlezi wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Dar, upande wa Tabata. Watoto ni wa mwaka mmoja hadi minne. Wazazi wangu ni watu wa kawaida: wauza duka, madereva, walimu, na wachache wa maofisini.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, jua limeshazama, baba wa mtoto mmoja kaja na pikipiki kumchukua binti yake wa miaka mitatu. Kushuka tu, pikipiki ikalala chini. Anacheka peke yake, ufunguo unamponyoka mkononi, anamsalimia mlezi wangu kwa jina la mtu mwingine. Si mtu mbaya, siku zote mpole na ada hacheleweshi. Nikamwambia mtoto anamalizia uji, akae kwanza kwenye benchi. Mama mtu nikampigia hapokei. Nikampigia shangazi aliyeandikwa kwenye fomu, akaja na bajaji, akaondoka na mtoto. Baba naye akaenda zake kwa miguu, pikipiki ikabaki kwangu.

Jumatatu asubuhi kaja mkavu kabisa, hasira zimejaa. "Mwanangu mimi, nalipa ada mimi, umenizuia kwa sheria gani?"

Sasa nataka niandike utaratibu ambao kila mzazi atausoma na kusaini, wa sasa na wanaokuja. Nguvu zangu zinaishia wapi? Na kwa walezi wangu niweke nini? Nimefikiria pia faini ya elfu ishirini kwa mzazi atakayekuja amelewa. Karibuni.

Sina Baya

Mtoto wake, damu yake, mpe aende. Umefungua kituo au umefungua mahakama? Mwisho wa mwezi nani hajapiga moja mbili? Utabaki na watoto watatu hapo.

Kibuyu cha Asali

@Sina Baya moja mbili ndiyo zinaangusha pikipiki ikiwa imesimama? Soma uzi vizuri mkuu.

Ustawi Mstaafu

Mleta uzi, shikamoo kwa kazi unayoifanya, maana wengi wanamkabidhi mtoto kama wanavyokabidhi mzigo.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii ngazi ya halmashauri mpaka nikastaafu, hivyo nitakujibu kwa mpangilio wa kazini.

Sheria ipo. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 4 kinasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, iwe inaamua taasisi ya ustawi ya umma au ya binafsi, mahakama au chombo cha utawala. Kifungu cha 9 kinampa mzazi mwenyewe wajibu wa kumkinga mtoto na hatari. Kifungu cha 95 kinakugusa wewe na jirani yako: mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Hayo ni ya Bara. Wa Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011.

Lakini usije ukaelewa kwamba umepewa mamlaka ya kumnyang'anya mzazi mtoto. Hujapewa. Hiyo ni kazi ya mahakama, na ustawi na polisi wana taratibu zao. Wewe unachoweza ni kuchelewesha, kushawishi na kumwita mtu mwingine. Kwa hiyo ulivyofanya na uji na benchi ndivyo hasa inavyotakiwa. Usifunge geti na kufuli. Usivutane naye mtoto akiwa katikati, mtoto ataumia mkono na kesi itakuwa yako. Akilazimisha na kuondoka naye, soma namba ya pikipiki, piga polisi 112 papo hapo, kisha mpigie mzazi mwenzake.

Kama hali inajirudia, nenda kwa mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa kata. Ukiona dalili za kipigo au mtoto kutelekezwa, ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Na ipo simu ya mtoto, 116, bure, unaweza kupiga hata kuomba ushauri tu kabla hujaamua.

Mlezi wa Tabata

Ahsante sana mzee wangu. Swali: inajirudia mara ngapi ndipo niende?

Ustawi Mstaafu

Hakuna idadi. Mzazi aliyekuja na harufu mdomoni lakini anatembea sawa, anaongea sawa na kaja na mtu wa kuendesha, hata mara kumi si kesi ya ustawi. Mzazi aliyetaka kumpakia mtoto mbele ya pikipiki huku amelewa chakari, mara moja inatosha kuandika, na ikijirudia unapeleka. Angalia na mtoto mwenyewe: anakuja ameoga? Amekula? Analia akimwona nani?

Nunua daftari, si lazima liwe la fahari. Andika tarehe, saa, nani alikuwepo, na ULICHOKIONA. Usiandike "alikuwa amelewa". Andika "aliyumba, alidondosha ufunguo, alishindwa kutaja jina la mlezi". Kulewa ni hitimisho lako, na mbele ya hakimu litabishiwa. Kuyumba kwake kulikoonwa na watu wawili ndiko unakokuandika.

Na hayo yasiende kwenye kundi la WhatsApp la wazazi hata kwa mafumbo. Nimeona ndoa zinavunjika kwa vile vijembe vya "kuna wazazi wengine humu wajirekebishe".

Nesi wa Zamu

Naongezea alipoishia mzee. Sababu nyingine ya kuandika ulichokiona ni kwamba si kila anayeyumba kanywa. Mwenye kisukari sukari ikishuka anatoka jasho, anaongea ovyo, anakuwa mkali, ukimwona utasema katoka kilabuni. Sukari ikipanda sana pumzi inaweza kunukia kama matunda yaliyooza, watu wanadhani ni pombe. Kifafa, kiharusi, hata dawa za mzio zinamfanya mtu aonekane hivyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzazi liwe "unajisikiaje, unaumwa?" Ukianza na "umelewa wewe" umeshamtukana mgonjwa, na mlevi naye umempa sababu ya kugombana.

Pia msimpe kahawa kali au maji ya limao mkadhani baada ya dakika ishirini yuko sawa. Ini lina mwendo wake. Bia moja ya nusu lita inachukua saa mbili hivi au zaidi kuondoka mwilini, na hakuna kinachoiharakisha. Anayekunywa kahawa anakuwa mlevi aliye macho.

Halafu wakuu, mnalinda geti wakati kabati mnaliacha wazi. Kuna vituo, na kuna wadada wa kazi majumbani, wanawapa watoto dawa ili walale. Piriton, promethazini, dawa za kikohozi za maji. Mtoto analala saa nne mfululizo mchana na mama anafurahi "kituo kile mtoto anatulia". Promethazini kwa mtoto chini ya miaka miwili inaweza kumkatisha pumzi. Marekani walilazimisha onyo hilo kwenye boksi tangu 2004. Dawa yenye kodeini asipewe mtoto chini ya miaka kumi na miwili. Mlezi anayefanya hivyo mara nyingi hata hajui kama anafanya kosa, anaona ni dawa ya mtoto, imeandikwa mtoto.

Dalili: mtoto mchangamfu nyumbani lakini kila akitoka kituoni ni mlegevu, anakataa kula jioni, ukimwamsha macho yanarudi. Muulize mlezi mbele ya mtu mwingine alipewa nini na kiasi gani. Asipoamka vizuri hayo ni ya hospitali, si ya kuulizana.

Baba Pacha

Nesi umenishtua. Wangu walikuwa wanalala hivyo hivyo kituo cha kwanza, tukawa tunasifia.

Kibuyu cha Asali

Na mtoto akinywa pombe yenyewe je? Juzi mtaani kwetu mtoto kaokota kichupa.

Nesi wa Zamu

Kwa mtoto mdogo kiasi kidogo ni kikubwa. Pombe inamshusha sukari haraka, anaweza kupata degedege saa chache baadaye wakati nyie mmeshasema "amelala, atakuwa sawa". Usimtapishe. Usimpe maziwa, hii imani ya maziwa kuua sumu imetuletea watoto waliopaliwa. Beba kichupa na mtoto, nenda hospitali. Na vitakasa mikono ni pombe vilevile, zaidi ya asilimia 60. Tangu wakati wa korona vimezagaa mezani kwenye vituo, vingine vinanukia matunda. Vipandishwe juu.

Boda wa Segerea

Mimi ni bodaboda, na nabeba watoto wa chekechea asubuhi na jioni, wawili kwa wakati mmoja. Nasema ukweli bila kumtaja mtu: mnamkagua baba, sisi hakuna anayetukagua. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017 ndiyo, lakini vichupa vidogo vya plastiki viko kila kibanda, na kuna wenzetu wanafungulia macho navyo alfajiri. Mwenye kituo anatoka getini, anawapungia watoto mkono, hata uso wa dereva hauangalii. Kanuni yako iandike "yeyote anayemchukua mtoto", usiandike mzazi peke yake.

Mlezi wa Tabata

Boda wa Segerea hiyo nimeichukua neno kwa neno.

Sina Baya

Basi na sisi wa faini tuchangie. Elfu ishirini ni ndogo, weka hamsini, watanyooka.

Baba Pacha

Mimi ni mnywaji na sioni haya kusema. Faini ifute kabisa. Nikuambie nitakachofanya mimi siku nimekunywa na najua kuna faini getini: nitamtuma kaka yao wa darasa la pili aje awachukue. Sitalipa na wewe hutaniona. Watoto watavuka barabara ya Mandela wenyewe. Ukitaka niwe mkweli, niwekee njia ambayo hainiaibishi wala hainitoi hela.

Kwetu sisi tulikubaliana hivi: Ijumaa anayewachukua ni shemeji, kila Ijumaa, hata kama sijaenda popote. Mwalimu anajua, watoto wanajua. Hakuna anayeninusa.

Ustawi Mstaafu

Baba Pacha kamaliza. Faini inafanya watu wajifiche, na katika kazi yetu mzazi anayejificha ndiye wa hatari kuliko anayekuja anayumba mbele yako. Weka na umri wa chini wa mchukuaji, mimi ningesema awe mtu mzima, asiwe mtoto mwenzake.

Dozi Moja

Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi, naona niseme kabla hamjaandika "watumiaji wa madawa hawaruhusiwi".

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Nilitumia unga, yaani heroini. Sasa niko kwenye methadoni, dawa ya kliniki ya kutibu uraibu huo. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, baadaye ikaenda Mwananyamala, Temeke na mikoani. Naamka alfajiri, napanga foleni, nakunywa dozi yangu mbele ya mhudumu, naenda kwenye kibanda changu. Dozi ikishatulia mwilini silewi wala sisinzii. Nafanya hesabu za biashara, napika, namwogesha mwanangu.

Kituo kimoja kilimkataa mwanangu mtu alipowaambia mama yake ni teja. Hakuna aliyeniuliza chochote. Siku hiyo hiyo niliona mzazi mwingine anamchukua mtoto wake na gari huku macho mekundu ya bia, akasalimiwa "shikamoo bosi".

Sitaki upendeleo. Siku ukiniona kichwa kinadondoka, naongea nusu nusu, nashindwa kujibu, nizuie kama ulivyomzuia yule baba, mpigie dada yangu. Siku niko timamu nipe mtoto wangu. Na mzazi mwenye dawa yoyote kali nyumbani, hata hiyo methadoni kwa wanaoruhusiwa kubeba, afungie kwenye kabati, kwa sababu dozi ya mtu mzima inaua mtoto. Hilo kliniki wanatuambia kila siku, na nyie mngewaambia wazazi wote, hata wenye vidonge vya presha.

Mlezi wa Tabata

Dada yangu, ahsante. Nilikuwa nimeshaandika sentensi hiyo hiyo uliyoitaja. Inatoka.

Nesi wa Zamu

Dozi Moja, mungu akutie nguvu. Na ni kweli, anayenipa wasiwasi ni aliyeacha dozi ghafla, yuko kwenye arosto, anatoka jasho, hana subira na mtoto. Anayehudhuria kliniki ni mgonjwa anayetibiwa.

Pwani Kamili

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu mjadala huu uliwaka kwa mlango wa muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku, mahakama ikasimamisha, na mpaka leo watu wanabishana barazani. Miraa kwetu si hatia, huko kwenu mirungi ni dawa ya kulevya kisheria. Lakini mtoto hajui mpaka wa Lungalunga. Yaya aliyekesha anatafuna, asubuhi nguvu ya miraa imemtoka, amenuna, anasinzia na mtoto wa mwaka mmoja miguuni: hapo sheria inaruhusu au hairuhusu haisaidii kitu. Andikeni hali ya mlezi, msiandike orodha ya vitu, orodha haiishi. Leo muguka, kesho kuberi ya tumbaku, keshokutwa kingine.

Kibuyu cha Asali

Orodha ina faida yake kwa vitu vya haramu. Mlezi akikutwa na bangi kituoni hapo hakuna "hali". Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilishakamata mpaka biskuti za bangi. Fikiria biskuti hiyo kwenye mkoba wa mlezi, na mkoba uko kwenye ndoano usawa wa mtoto.

Mtu wa Leicester

Nafanya kazi chekechea huku Uingereza. Mwongozo wa serikali kwa England, EYFS, unasema wazi kwamba anayelea watoto asiwe chini ya athari ya pombe wala kitu kingine kinachoweza kuathiri uwezo wake wa kuwalea. Anayetumia dawa ya hospitali inayoweza kumlegeza lazima apate ushauri wa daktari kwanza, na dawa za wafanyakazi zinawekwa mahali mtoto hafiki. Mikoba yetu yote inaingia kwenye kabati la kufuli tukifika. Si kwa sababu tunashukiwa, ni kila mtu, hadi meneja.

Cha kuiga kisichohitaji hela: mfanyakazi akisema mwenyewe asubuhi "leo siko sawa" anarudishwa nyumbani, kazi yake inabaki. Akifichuka, hapo ndipo barua inaanza. Na mchukuaji mgeni lazima ataje neno la siri ambalo mzazi ametupa.

Mlezi wa Tabata

Neno la siri naliweza. La kumrudisha mlezi nyumbani ndiyo mtihani. Tukiwa wawili na watoto kumi na kitu, mmoja akirudi naachwa peke yangu, na mlezi anajua hilo, kwa hiyo hatasema.

Mtu wa Leicester

Hata huku wanaficha kwa sababu hiyo hiyo dada. Tafuta mtu wa akiba, hata mama jirani uliyemfahamu, umemfundisha, ustawi wanamjua. Siku ya dharura unamlipa posho. Bila mtu wa akiba hiyo kanuni itakuwa karatasi ya ukutani.

Mlezi wa Tabata

Nimeandika. Naomba mnichane:

*"Kituo kitamkabidhi mtoto kwa mtu mzima aliyeandikwa kwenye fomu hii, au aliyetumwa na mzazi na anayejua neno la siri. Kila mzazi ataandika watu watatu wa kupigiwa, angalau mmoja awe anaishi karibu na kituo. Ikiwa mchukuaji, awe mzazi, ndugu au dereva, anaonekana hawezi kumhudumia au kumsafirisha mtoto kwa usalama wakati huo, kwa sababu yoyote, kituo kitamwomba asubiri na kitampigia mtu mwingine kwenye fomu. Hakuna faini, na mtoto hatafukuzwa kwa sababu hiyo. Akiondoka na mtoto kwa nguvu, kituo kitatoa taarifa polisi. Hali ikijirudia, kituo kitaongea na mzazi faragha, na ikibidi kitamweleza afisa ustawi wa jamii. Kituo hakitampa mtoto dawa yoyote bila maandishi ya mzazi yenye jina la dawa, kiasi na saa. Walezi na wageni wote wataweka mikoba kwenye kabati la kufuli."*

Ustawi Mstaafu

"Kwa sababu yoyote" ni nzuri sana, iache. Ongeza kwamba mtoto atabaki na mlezi mpaka atakapochukuliwa hata kama saa za kituo zimepita, mzazi asiogope kusubirishwa usiku. Nakala mpelekee afisa ustawi wa kata kabla hujaanza kuitumia, ili siku ukimpigia awe anajua unaongelea nini.

Baba Pacha

Nasaini leo. Lakini yule baba wa pikipiki mmeongea naye?

Mlezi wa Tabata

Nimemwita pamoja na mkewe, nimemwonyesha rasimu hiyo. Mke kasema Ijumaa atakuja yeye. Mume kauliza pikipiki yake iko wapi, nikampa ufunguo.

Sina Baya

Haya nimekubali, mmenishinda kwa hoja. Swali la mwisho: mahafali ya Desemba bia zitakuwepo? Mwaka jana kituo cha mtaani kwetu wazazi walikunywa kreti kadhaa huku watoto wamevaa majoho.

Mlezi wa Tabata

Soda, juisi na pilau. Ratiba inaisha saa nane mchana, na majoho yanarudishwa siku hiyo hiyo maana ni ya kukodi.